Wavulana wa Mulago

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika, ukaipita Kahawa na mji wa Ruiru, wafika Juja, na kutoka hapo si mwendo mrefu kufika Kalimoni. Zamani nchi hii ilikuwa ya mashamba makubwa ya mkonge na kahawa. Siku hizi mashamba mengi yamekatwa viwanja, na mahali palipokuwa na mistari ya mibuni pamesimama nyumba za kupanga, maduka, na hosteli za wanafunzi wa chuo kikuu. Hospitali ya misheni ya Kalimoni ingalipo, na watu wa huku huitaja kama mtu anavyomtaja jirani yake. Kinamama wengi hujifungua huko, na huko pia huanza safari ya wagonjwa ambao baadaye hupelekwa mbali zaidi.

Ndugu yangu, mwana wa mamangu mkubwa, alianza safari ya namna hiyo alipokuwa na umri wa miaka 21. Mguu wake ulivimba juu ya goti, naye akadhani ameumia katika mchezo wa mpira. Kumbe ilikuwa saratani ya mfupa. Alipelekwa katika hospitali kubwa ambayo sitaitaja, akatiwa dawa kali kwa miezi mingi, akapasuliwa, akapona. Neno hili kupona nalisema kwa shukrani, maana leo anatembea kwa miguu yake miwili, ijapokuwa mmoja huuburura kidogo wakati wa baridi.

Alioa. Miaka minne ikapita bila mtoto, na kama ilivyo desturi yetu mbaya, macho ya jamaa yakamwelekea mke. Ndipo siku moja muuguzi mzee, ambaye walimwendea kwa jambo jingine kabisa, alipomwuliza, "Mwanangu, kabla hujatiwa zile dawa, yuko mtu aliyekueleza habari za uzazi?" Akajibu, "La, mama. Hakuna." Vipimo vikafanywa, vikaonyesha kwamba hana mbegu za uzazi hata moja.

Jioni ya siku hiyo alikuja kwangu. Mimi hufundisha historia katika chuo cha ualimu, naye aliketi kitini kwa muda mrefu kabla ya kusema. Kisha akauliza, "Wewe ni mwalimu wa historia. Niambie, walijua tangu lini?"

Amenipa ruhusa ya kulisimulia jambo hili kwa vijana wa shule, nami nitajaribu kulijibu swali lake hapa, maana wakati ule sikuweza.

Habari yenyewe yaanza vitani. Katika mwezi wa Julai 1917, karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji, majeshi ya Ujerumani yalitumia kwa mara ya kwanza sumu iliyoitwa gesi ya haradali. Iliunguza ngozi, macho na mapafu. Madaktari waliochunguza maiti na majeruhi waliona jambo jingine lisilotazamiwa, yaani chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno. Jambo hilo liliandikwa, likawekwa. Vita vya pili vilipokuja, Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani walipewa kazi ya kuichunguza sumu ya jamaa hiyo hiyo, nao wakajiuliza: ikiwa sumu hii yaua chembe za damu, je, haiwezi kuua saratani inayotokana na chembe hizo? Mwaka 1942 mgonjwa wa kwanza akatiwa dawa hiyo katika mshipa. Uvimbe wake uliyeyuka kwa siku chache. Ulirudi baadaye, naye akafa, lakini mlango ulikwisha funguliwa. Kwa sababu ya vita habari hiyo ilifichwa mpaka 1946.

Yafaa mwanafunzi aelewe jinsi dawa hizo zifanyavyo kazi, kwa sababu hapo ndipo penye shina la habari yote. Saratani ni chembe za mwili zinazogawanyika bila kukoma. Dawa hizo huzishambulia chembe wakati wa kugawanyika. Walakini katika mwili mzima ziko chembe nyingine ambazo kazi yake ya kila siku ni kugawanyika: za mizizi ya nywele, za utando wa tumbo, za uboho ndani ya mifupa, na zile chembe ndani ya korodani ambazo huzaa mbegu za kiume. Dawa haichagui. Nywele huota tena, na uboho hurudia kazi yake. Chembe za mbegu, zikipigwa sana, huenda zisirudi kamwe.

Mwaka 1948 mwanamke mmoja huko New York, Dk. Sophie Spitz, aliyekuwa mtaalamu wa kuchunguza viungo vya maiti, aliandika kuhusu wanaume waliokufa baada ya kutibiwa kwa dawa ile ya jamaa ya haradali. Alizitazama korodani zao kwa hadubini, akaona kwamba katika walio wengi kazi ya kutengeneza mbegu ilikuwa imekoma kabisa.

Basi jibu la kwanza la swali la ndugu yangu ni mwaka 1948. Lakini jibu hilo peke yake huenda likatupotosha. Wale wanaume walikuwa maiti. Hakuna aliyehuzunika kwamba marehemu hana mbegu, na daktari wa miaka ile aliyesimama mbele ya mgonjwa wa saratani alikuwa na shida moja tu, nayo ni kumwongezea miezi michache. Habari ya watoto ilikuwa kama kumwuliza mtu anayezama mtoni kama angependa chai. Swali la uzazi halikuweza kuulizwa kwa dhati mpaka wapatikane watu waliopona, na walio vijana, wenye maisha marefu mbele yao. Watu hao, kwa sehemu kubwa isiyotajwa sana vitabuni, walipatikana katika Afrika Mashariki yetu.

Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwako daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, ambaye alikuwa na jicho moja tu zima, maana la pili lilipotea kwa ajali alipokuwa mtoto. Mwenzake, Dk. Hugh Trowell, alimwita amtazame mvulana wa miaka mitano. Taya zake zilivimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Muda mfupi baadaye alikuwa Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Mara moja yaweza kuwa ajali, lakini si mara mbili. Mwaka 1958 aliandika habari za uvimbe huo, ambao leo ulimwenguni kote huitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda motokaa kuukuu, wakasafiri maili 10,000 kutoka Kampala hadi kusini ya Afrika, wakiuliza katika kila hospitali kama uvimbe huo huonekana huko. Ingekuwa vema habari ya safari hiyo isimuliwe peke yake siku nyingine.

Lililo kubwa kwetu ni kwamba uvimbe wa Burkitt ulikubali dawa. Mulago haikuwa na mashine za mionzi, na taya zilizovimba namna hiyo hazipasuliki, basi Burkitt akajaribu dawa mpya za saratani, na watoto wengine walipata nafuu kwa dozi chache tu. Hapa Nairobi, Dk. Peter Clifford aliwatibu wagonjwa wa namna hiyo hiyo. Wengine kati ya watoto hao waliishi mwaka mmoja, miwili, mitano. Wakarudi shuleni. Katika miaka ile madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa bado wakibishana kama dawa peke yake yaweza kuiponya saratani, ilhali watoto wa Uganda na Kenya walikuwa wakicheza uwanjani.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu saratani za namna hiyo kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Saratani ya Marekani, na kiongozi wake wa kwanza akawa kijana wa Kimarekani, Dk. John Ziegler. Ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Huko walitibiwa pia wavulana wenye ugonjwa wa Hodgkin, ambao ni saratani ya tezi, aghalabu za shingo. Dawa yake ilikuwa imepatikana Marekani kwa juhudi ya Dk. Vincent DeVita na wenzake, nayo ilikuwa mchanganyiko wa dawa nne. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 1970, yaliwastaajabisha madaktari, kwa kuwa karibu wagonjwa wanne katika kila watano uvimbe wao ulitoweka. Katika hizo nne, moja ilikuwa ile ile ya jamaa ya haradali, na nyingine, iitwayo prokabazini, ni adui mkubwa wa mbegu za uzazi vilevile.

Wavulana wa Mulago wakapona. Mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, Ziegler na Wamarekani wenzake waliondoka, na Dk. Charles Olweny, Mwafrika wa hapa hapa, akashika uongozi wa taasisi. Katika miaka ile migumu yeye na wauguzi wake waliendelea kuwatibu wagonjwa, na kuwatazama tena wale waliokwisha pona. Nawaomba wasomaji wasipite hapa kwa haraka. Kumtibu mgonjwa kwaonekana na watu wote. Kumwandikia tarehe ya kurudi, na kumpima tena akiwa mzima, ni kazi isiyo na sifa, lakini bila kazi hiyo habari ninayoieleza isingejulikana.

Waliporudi, jambo la ajabu lilionekana. Baadhi ya wavulana waliokuwa wakibalehe walikuwa wameota matiti. Kijana aliye na umri wa miaka 14 au 15 ajua maana ya jambo hilo bila kuelezwa na mwalimu. Ameponyoka mauti, na sasa aona haya kuvua shati mtoni mbele ya wenzake.

Olweny na Ziegler, pamoja na Dk. Richard Sherins aliyekuwa mtaalamu wa uzazi wa wanaume huko Marekani, waliwachunguza wavulana 19 ambao ugonjwa wao ulikwisha toweka. Wavulana 6 walikuwa hawajabalehe, na 13 walikuwa wamekwisha ingia katika balehe. Katika hao 13, matiti yalikuwa yameota kwa 9. Damu yao ilipopimwa ilionyesha sababu. Chini ya ubongo iko tezi ndogo ambayo huziamuru korodani zifanye kazi, na amri hiyo huipeleka kwa njia ya damu. Korodani zikiitika, tezi hunyamaza. Kwa wavulana hawa amri ilikuwa ikipelekwa tena na tena, kama mzee wa mtaa anayetuma mjumbe baada ya mjumbe kwenye nyumba isiyo na mtu. Vipande vidogo vya nyama ya korodani vilipotazamwa kwa hadubini, vilikuwa kama vile alivyoviona Sophie Spitz miaka 30 kabla yake, chembe za kuzaa mbegu zilikuwa hazipo. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa hai.

Habari hiyo ilichapishwa katika jarida kubwa la utabibu la Boston mwezi wa Julai 1978. Ni kurasa tano. Zimejaa hesabu za damu, na majina ya wavulana hayamo. Lakini mtu aliyekulia katika nchi zetu huyaona yaliyo nyuma ya hesabu. Katika Buganda mwanamume akifa huwekwa mrithi, omusika, mbele ya ukoo wote. Kwetu Wagikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na vivyo hivyo kwa wasichana na nyanya zao, hata mzee aliyeketi uani humwita mjukuu wake kwa jina lake mwenyewe na kucheka. Anayekosa mtoto huona kwamba amewakosesha na wazee wake. Wakamba, jirani zetu ng'ambo ya Kilimambogo, walikuwa na desturi ya mwanamke asiye na mtoto kuoa mke ili nyumba yake isifungwe. Watu hawatungi desturi za namna hiyo kwa jambo dogo.

Wale wavulana sita wadogo walileta tumaini, maana damu yao ilikuwa ya kawaida, na ilidhaniwa kwamba utoto uliwalinda. Sasa twajua kwamba ulinzi huo si kamili, kwani dawa nyingi mno humdhuru hata mtoto mdogo.

Waliosoma kurasa zile walipaswa kujiuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa: je, yaweza kupatikana dawa inayoponya pasipo kuharibu? Kwa ugonjwa wa Hodgkin jibu lilikwisha anza kupatikana. Dk. Gianni Bonadonna wa Milan katika Italia alikuwa ametangaza mwaka 1975 mchanganyiko mwingine wa dawa nne, na baadaye ikaonekana kwamba huponya vizuri na huharibu uzazi kwa wagonjwa wachache zaidi. Mchanganyiko huo ndio utumikao hata leo mahali pengi. Kwa saratani nyingine, kama ile ya ndugu yangu, dawa kali bado ndiyo tegemeo.

Swali la pili lilikuwa kuhusu kuhifadhi: kama shamba litaungua, je, mbegu haziwezi kutolewa kwanza na kuwekwa ghalani? Hapa wanafunzi wa Kiambu wanajua zaidi ya wanavyodhani. Nani hajamwona yule bwana anayekuja kwa pikipiki na mtungi wenye moshi wa baridi, ng'ombe anapohitaji kupandwa? Mtungini mna hewa ya naitrojeni iliyofanywa kuwa maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sufuri, na ndani yake mirija myembamba ya mbegu za fahali ambalo pengine lilikwisha kufa. Kituo cha Kabete kimekuwa kikikusanya mbegu za mafahali tangu mwaka 1946.

Ugunduzi uliowezesha kugandisha ulitokea kwa kosa, nami huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka kwa sababu huwachekesha. Mwaka 1949 huko Mill Hill, London, kijana Christopher Polge na wenzake, Audrey Smith na Alan Parkes, walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo katika maji ya sukari ya matunda. Zote zilikufa. Miezi ikapita, wakajaribu tena kwa chupa iliyokuwa imewekwa akiba, na safari hii mbegu zilipoyeyushwa zilikuwa hai, zaogelea. Walitengeneza maji mapya ya sukari, wakashindwa tena. Chupa ile peke yake ndiyo iliyofaulu. Mwishowe matone machache yaliyobaki yalipelekwa kwa mkemia, naye akakuta kwamba hayana sukari hata kidogo. Karatasi ya jina ilikuwa imebandikwa kwenye chupa isiyo yake. Ndani mlikuwa na ute wa yai na gliserini, ile ile ambayo akina mama hutupaka miguuni asubuhi ya baridi. Gliserini huzuia maji ya ndani ya chembe yasigande kwa ncha kali za barafu na kuipasua.

Kutoka jogoo walikwenda kwa fahali, na mwaka 1953 Raymond Bunge na Jerome Sherman wa Chuo Kikuu cha Iowa walitangaza kwamba mbegu za mwanadamu zilizogandishwa zimetungisha mimba. Tazama basi tarehe hizi. Mwaka 1948 ilijulikana kwamba dawa huua mbegu. Mwaka 1953 ilijulikana kwamba mbegu zaweza kuhifadhiwa. Habari hizo mbili zilikaa katika vitabu mbalimbali, mikononi mwa watu wasiokutana, kwa miaka mingi, na katika muda huo fahali la Kabete lilikuwa na akiba ambayo kijana mgonjwa hakuwa nayo. Sitaki kuwahukumu waliotutangulia kwa kupita kiasi, lakini jambo hili huniudhi kila nilitajapo.

Kwa mwanamke kazi ni ngumu zaidi. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, kiasi cha milioni moja au mbili, na mpaka balehe hubaki kama laki tatu au nne. Hayaongezeki tena. Dawa kali huyapunguza, na mionzi ikielekezwa nyongani, kama katika saratani ya mlango wa mfuko wa uzazi inayowapata wanawake wengi wa nchi zetu, huyamaliza na kuudhuru mfuko wenyewe. Tangu miaka ya 1950 wapasuaji wamejua kuisogeza mifuko ya mayai kando ili mionzi isiipate. Kulitoa yai na kulitungisha nje ya mwili kulifaulu mara ya kwanza alipozaliwa Louise Brown huko Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, mwezi ule ule ambao habari ya wavulana wa Mulago ilichapishwa. Na mwaka 2004 mwanamke mmoja wa Ubelgiji alijifungua mtoto baada ya Dk. Jacques Donnez kumrudishia vipande vya mfuko wake wa mayai, vilivyotolewa na kugandishwa mwaka 1997, kabla hajatibiwa ugonjwa wa Hodgkin.

Hapa Kenya watoto wa kwanza waliotungwa nje ya mwili walizaliwa Nairobi mwaka 2006, kwa kazi ya Dk. Joshua Noreh. Mwaka huo huo chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mgonjwa aliye katika umri wa kuzaa aelezwe hatari ya ugumba kabla ya kutibiwa, na aelezwe njia za kujihifadhi. Mwaka 2013 mwongozo ulisahihishwa, na katika masahihisho hayo neno moja lilibadilishwa. Palipoandikwa "daktari wa saratani" paliandikwa "mhudumu wa afya". Kwa neno hilo muuguzi aliingizwa, na mshauri, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Kazi ya kusema iliacha kuwa ya mtu mmoja mwenye koti jeupe na foleni ya wagonjwa 60 mlangoni.

Mimi naona kwamba badiliko hilo latuhusu sisi wa mashamba kuliko watu wa New York. Mtu wa Kalimoni anayeshukiwa kuwa na saratani hukutana kwanza na muuguzi wa karibu. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka 2019 huko Kahawa na yenye kituo cha saratani, haiko mbali kwa gari. Lakini mgonjwa akifika huko mara nyingi mambo hukimbizwa, na wasiwasi humfunga ulimi. Aliye na nafasi ya kuuliza kwa utulivu ni yule wa kwanza, wakati barua ya kumpeleka mbele ingali inaandikwa.

Muuguzi mzee niliyemtaja alinifundisha namna ya kuuliza, nilipomtembelea baadaye kumshukuru. Alisema kwamba yeye kwanza humwomba mama mkwe, au baba, au ndugu aliyemleta mgonjwa, akanywe chai. Mambo haya hayasemwi mbele ya umati. Kisha huuliza maneno machache tu: "Je, ungependa kuja kupata mtoto, au mtoto mwingine?" Hatumii neno tasa, wala mgumba. Haahidi, maana hali ya mtu na mtu si moja: wako wanaozaa baada ya dawa kali, na wako wasiozaa tena, na yategemea dawa gani, kiasi gani, na umri. Huwaonya kwamba wakati wa matibabu mimba haifai kabisa, wala mtu asidhani kwamba dawa ni kinga. Na kwa wale waogopao kwamba watakaozaliwa baadaye watakuwa na kilema kwa sababu ya dawa, huwaambia kweli, kwamba uchunguzi wa miaka mingi haukuonyesha hivyo.

Nilimwuliza kuhusu misheni. Kanisa Katoliki halikubali kutungisha mtoto nje ya mwili, na Roma ililiandika jambo hilo waziwazi mwaka 1987. Je, muuguzi wa hospitali ya misheni afanyeje? Alicheka kidogo. "Mwalimu," alisema, "kumficha mtu habari za mwili wake hakuna katekisimu inayoniagiza." Akanikumbusha kwamba kuchagua dawa isiyoharibu, na kuisogeza mifuko ya mayai mbali na mionzi, ni mambo yasiyogombana na padre yeyote. Mengine mgonjwa ataamua mwenyewe kwa dhamiri yake. Lakini hawezi kuamua jambo asilolijua.

Gharama ni kizuizi cha kweli. Kuyatoa mayai ya mwanamke na kuyagandisha kwahitaji sindano za kila siku kwa kiasi cha wiki mbili, na fedha ambazo mkulima wa kahawa au mwenye kibanda cha mboga hana. Kwa mwanamume ni jambo jepesi zaidi: huhitaji siku moja au mbili, chumba cha faragha na kikombe safi, kisha mtungi kama ule wa Kabete.

Nilipokwisha kukusanya habari hizi nilimpelekea ndugu yangu, tukakaa uani kwake. Nikamwambia: ilijulikana tangu 1948 kwa maiti, tangu 1978 kwa vijana walio hai wa nchi jirani, na tangu 2006 imeandikwa kwamba yapasa kusemwa. Alisikiliza. Kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha ya karatasi zake za hospitali, ambazo amezihifadhi zote kwa utaratibu. Akatafuta karatasi mbili, akaziweka mezani moja kando ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa majibu ya kipande cha mfupa, yaliyothibitisha kwamba ni saratani. Ya pili ilikuwa ya dozi ya kwanza ya dawa. Mkewe alikuja akasimama nyuma yake, mkono begani. Tukahesabu tarehe kwa vidole, wote watatu, mara mbili ili tusikosee. Zilikuwa siku 11.